Mrejesho: dawa kusambaa kama mpira ndani ya ubongo

Habari zenu wadau. Niliuliza kwa nini modeli yangu ya kompyuta inasambaza dawa iliyochomwa kwenye ubongo kama mpira, sawasawa pande zote, wakati picha za MRI zinaonyesha ikifuata nyuzi za neva za sehemu nyeupe ya ubongo. Mkanielekeza nitumie tensa za difyusheni za mgonjwa mwenyewe, yaani vipimo vya MRI vinavyoonyesha, kila mahali ndani ya ubongo, molekuli za maji husambaa zaidi kuelekea upande gani. Nikazitumia, mambo yakazidi kuharibika!

Jana usiku ndipo nilipochora mishale ya tensa juu ya picha. Kwenye daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, nyuzi hupita kutoka kushoto kwenda kulia. Mishale yangu ilikuwa imesimama wima. Kumbe nilizungusha picha ilingane na wavu wa hesabu (vijisehemu ambavyo kompyuta inakokotoa kimoja kimoja), tensa nikazisahau. Nimezizungusha nazo, na sasa dawa inafuata nyuzi. Nimefurahi mno.

Na aliyenikumbusha nafasi iliyo kati ya seli, asante sana: ni kama 20% tu ya ujazo wa tishu, na vijia vyake vya kupindapinda huifanya difyusheni ya molekuli ndogo iwe polepole takriban mara 2.5 kuliko kwenye maji. Mimi nilikuwa nimeweka kiwango cha maji matupu. Bado sijaingiza kwenye modeli mtiririko wa majimaji kandokando ya mishipa ya damu. Nimeanza nao leo.