Naomba ushauri: kuoanisha majina ya vijiji vya zamani na vya sasa

Wakuu, naandaa historia ya kata moja Songea. Ninazo picha za kurasa za kitabu cha wilaya cha enzi za Mwingereza, ramani ya Wajerumani ya 1:300,000, na orodha ya vitongoji vya leo. Havikubaliani.

Tahajia ya Kijerumani hainisumbui: "tsch" naisoma ch, "dsch" naisoma j, kama Kilimandscharo. Kasheshe ni kwamba vijiji vingi viliitwa kwa jina la jumbe, akifa au akihama jina nalo linaondoka. Kisha Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ikawasogeza watu barabarani, wengine wakahama na jina la kijiji chao. Jina lilelile, mahali pengine kabisa! Kwa hiyo kutafuta kwa jina peke yake kunapotosha.

Kwa sasa nashikilia mito na vilima, maana majina yake hayabadiliki ovyo, halafu napima umbali kutoka kwenye makutano ya mito.

Je, madaftari ya kodi ya kichwa au vitabu vya ubatizo vya misheni vinasaidia kuthibitisha mahali? Na wazee niwaulize makaburi na miembe ya mahame kabla ya kuwatajia jina, au baada?