Njia ya mkokoni inazama kila bamvua: nani aliyekuja kupima saa nne asubuhi?

Assalaam aleykum. Mtaa siutaji na idara siitaji, wahusika watajijua. Nasema juu ya hivi vinjia vya hapa Unguja, vya waenda kwa miguu, vinavyokatizwa mkokoni ili watu wafike barabarani bila ya kulizunguka hori zima, yaani ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Vinazinduliwa kwa utepe na vipaza sauti. Bamvua la kwanza tu, yaani yale maji makubwa ya bahari, watu wanavua viatu na kupandisha nguo, watoto wanabebwa mgongoni. Ukiuliza unajibiwa ni mabadiliko ya tabianchi. Tabianchi gani! Bamvua kwa bahari si jambo jipya. Nyinyi mumepima siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana.

Hesabu yenyewe kila mvuvi anayo kichwani. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kilele chake hufika siku moja au mbili baadaye, yaani mwezi 1 hadi 4, ukihesabu siku tangu mwezi kuandama, kisha mwezi 15 hadi 18. Siku hizo, baina ya maji kupwa na maji kujaa huwa na tofauti inayokaribia mita 4. Maji mafu, mwezi 8 hadi 10 na 22 hadi 24, tofauti ni mita moja na ushei. Mabamvua makubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Septemba, na lile la Machi ndilo baya zaidi kwetu kwa sababu masika nayo inaanza kubisha hodi: mvua inateremka kutoka mitaani huku bahari inapanda, yanakutana hapo hapo mkokoni.

Sasa tazameni mtego ulivyo. Unguja, maji ya bamvua hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na mbili, alfajiri na jioni. Mpimaji anatoka ofisini saa tatu, anafika saa nne. Akija siku za bamvua anakuta maji yameshatoka, tope linang'aa, kaa wanakimbizana, basi anaandika kwamba eneo ni kavu. Akija siku za maji mafu anakuta maji yamejaa, maana maji mafu hujaa kwenye saa nne, saa tano za asubuhi. Anafurahi, anasema hiki ndicho kimo, anapiga alama ya rangi. Alama hiyo bamvua likija inazama, pengine kwa mita nzima. Na saa ya kuzama ndiyo saa ya watoto kutoka chuoni na watu kurudi makazini. Muda huo ofisi imeshafungwa, kwa hiyo aliyepima hajawahi kuiona njia yake ikiwa chini ya maji. Hata siku moja.

Kimo hasa hakihitaji mashine. Shina la mkoko linakwambia: tope lililokauka limeacha mstari, na nchi kavu kuna ule mkufu wa majani makavu na chupa za plastiki ulioachwa na bamvua la mwisho. Nendeni mwezi 16 au 17, saa kumi na nusu jioni, mpige msumari pale maji yalipofika. Kisha chukueni ule mpira mwembamba wa kuonesha ndani anaotumia fundi mwashi, mjaze maji, mtoe mapovu yote (povu moja likibaki linaharibu kipimo), mkihamishe kimo hicho nguzo hadi nguzo. Chini ya mbao, si juu yake, pawe na sentimita 30 zaidi ya msumari huo, na kama mumepima bamvua lisilo la Machi wala Septemba ongezeni nyingine 30. Kazi ya jioni moja, na mpira wa mita 20.

Lakini balaa kubwa kuliko mbao ni kifusi. Mtu anaona mbao ghali, analeta magari ya kifusi, anajenga tuta kukatiza mkoko, katikati anapachika bomba moja la inchi 6 ati maji yapite. Hebu tuhesabu. Nyuma ya tuta kuna hekta moja ya mkoko, mita 100 kwa 100. Bamvua likiingia kwa kina cha nusu mita tu, hayo ni maji ya ujazo wa mita 5,000. Tuyape hata saa sita za kuingia na sita za kutoka. Bomba la inchi 6 lina upana wa sentimita 15. Hata maji yakienda mita moja kwa sekunde, bila ya kuziba, kwa saa sita linapitisha mita za ujazo zisizofika 400. Mengine 4,600 yapite wapi? Yanapita juu ya tuta, yanalikata, na mwezi unaofuata mnaleta kifusi kingine. Bomba la sentimita 60 ndilo linaloanza kukaribia, na kwa kuwa halikai limejaa muda wote, wekeni mawili au matatu, mbalimbali, kila moja pale mkondo wa maji ulipokuwa ukipita tangu asili.

Na sakafu ya bomba iwe sawa na sakafu ya mkondo! Likining'inizwa sentimita 20 juu, maji hayo ya chini hayatoki tena. Panakuwa dimbwi. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, unapumua kwa vile vizizi vilivyochomoza juu ya tope kama penseli. Vikikaa ndani ya maji siku zote, au vikizikwa na kifusi, mti unakufa ukiwa umesimama. Upande ambao maji hayafiki tena ndio unaokauka, chumvi inapanda, panabaki uwanja mweupe usioota kitu. Baadaye mnakuja na watoto wa skuli kupanda miche ya mkoko kwenye dimbwi lile lile, kwa picha, na miche inakufa kwa sababu ile ile. Zibueni bomba kwanza. Maji yakirudi kwenda na kuja, mbegu zitaletwa na bahari bure.

Tena sisi ndio watu wa kukumbushwa? Darajani pale mjini Unguja, daraja liko wapi? Na mtaa wa Ng'ambo, ng'ambo ya nini? Hori lililokuwa likitenga Mji Mkongwe limefukiwa, na kiwanja cha Mnazi Mmoja ni ardhi ya kufukiwa. Majina yamebaki.

Tuje kwenye mbao, kwa wale waliojaribu kufanya la maana wakakosea kwenye vipimo. Kabla ya nguzo, choma tope kwa nondo ya milimita 12 mpaka igome. Pahala pengine inagota kwenye jiwe baada ya nusu mita, hatua tatu mbele inazama mita mbili. Nguzo ifike hapo ilipogota nondo. Nguzo zote kukatwa urefu mmoja dukani ndiko kunakoleta njia ya mawimbi, huku imepanda, huku imelala. Jozi moja ya nguzo kila mita moja na nusu, na kila jozi iwe na mkingamo wa kubeba boriti za urefu wa njia. Boriti za mkoko zilizokatwa papo hapo ni aibu mara mbili: mnakata mnachodai kukihifadhi, na ndani ya miaka michache wale wadudu wa baharini wanaotoboa mashua wameshaila nguzo pale pale maji yanapopanda na kushuka. Kwa nje inaonekana nzima. Igonge kwa nyundo: ikilia wazi, imekwisha. Nguzo ya zege inadumu, ila nondo zake zifunikwe na zege isiyopungua sentimita 5, la sivyo chumvi inaingia, nondo zinavimba kwa kutu na zege inapasuka.

Mbao zilazwe kwa mapana, inchi mbili kwa sita, zikiachana sentimita moja ili maji yateremke na mwanga ufike chini. Nimeona, na nyinyi mumeona, mbao zilizolazwa kwa urefu: gurudumu la baiskeli linanasa kwenye ufa, na mwenye ndara anateleza mita mbili mbele. Misumari ya kawaida isahauni, kutu inakula kichwa kwanza, ubao unainuka upande mmoja kama mtego wa panya. Boliti za stenlesi, au angalau zilizochovywa zinki. Upana usipungue mita 1.2, maana mwenye ndoo kichwani anapishana na mwenye mtoto. Kishikio upande mmoja kinatosha.

Msiniambie haiwezekani visiwani. Kijijini Pete, hapa hapa Unguja, kwenye hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, wageni wanapita juu ya mikoko kwa njia ya mbao, miguu mikavu, wanapiga picha. Mgeni apite mara moja maishani juu ya mbao. Mwenyeji anayepita mara nne kwa siku apite juu ya kifusi?

NYONGEZA: Aliyeuliza kuhusu matunzo, swali zuri na ndilo wasilolitia kwenye bajeti. Ule ukoga wa kijani unaoota juu ya mbao unasuguliwa kwa brashi ngumu na maji ya bahari, kila baada ya wiki mbili wakati wa masika, kiangazi mara moja kwa mwezi. Oili chafu msipake: inateleza zaidi na inadondokea mizizi. Boliti zikazwe kila baada ya miezi sita. Mabomba yatolewe taka siku mbili kabla ya kila bamvua, si baada yake. Na pawe na mbao za akiba kwa mtu anayejulikana pale mtaani, mwenye ufunguo wa boliti, kwa sababu ubao mmoja uliotoka usiku ni mguu wa mtu.

Mwenye picha za mahali maji yalipofika aweke hapa chini, aandike tarehe ya mwezi na saa. Picha isiyo na saa haitusaidii kitu.