Boksi la umeme la kubeba kwa kambi na dharura (Goma): Wh (wati-saa) 256 yatosha au nipande hadi 512?

Mama_Himbi

Jambo wakubwa. Natafuta boksi la umeme la kubeba, lile lenye betri, inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa wa 220V) na prize (soketi) ndani ya kasha moja. Lina kazi mbili: kuran (umeme wa ukutani) ikikatika nyumbani, na wikendi za kulala hemani kando ya ziwa. Halafu ikitokea tena watu kuambiwa wahame, kama Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, liweze kubebwa kwa mkono mmoja. Mkono mwingine una mtoto.

Vifaa: ruta (imeandikwa 12V 1A), balbu mbili za LED za wati 5, simu nne, laptop moja inayochajiwa kwa USB-C, na mara mojamoja mashine ya kunyolea. Friji hamna, pasi hamna.

Nimeonyeshwa EcoFlow River 2, Bluetti EB3A na EcoFlow River 2 Max. Muuzaji mwingine ana boksi lisilo na jina, limeandikwa 150000 mAh (miliampea-saa), bei nusu ya hizo. Tena juu ya bati nina paneli ya nyumba ya wati 450. Naweza kuichomeka moja kwa moja kwenye boksi?

Fundi_Birere

Jambo mama. Tupige hesabu kwanza, majina ya kampuni baadaye.

Ruta ya 12V 1A haili wati 12 muda wote. Chukua 10 kwa usalama. Saa 12 ni Wh 120. Balbu mbili saa 5 ni Wh 50. Simu ya 5000 mAh ina karibu Wh 19 ndani yake, ukijumlisha kinachopotea njiani ni kama 25, kwa hiyo simu nne ni 100. Laptop mara moja, 60. Mashine ya kunyolea usiihesabu, ni kidogo mno. Jumla inagonga Wh 330 kwa usiku mmoja wa kutumia kila kitu.

Sasa, boksi la Wh 256 halikupi 256 kwenye prize ya 220V. Inveta inakula sehemu yake, unabaki na kama 215. Lakini hapo sipo watu wengi wanapoumia. Wanaumia kwa sababu inveta ikiwashwa tu, hata bila kifaa chochote, inakula wati 6 hadi 10 zake yenyewe. Ukichomeka ruta ya wati 10 kwenye prize, boksi linatoa karibu wati 18. Kwa saa 12 hiyo ni Wh 216, yaani karibu boksi zima la 256 limeisha kwa ruta peke yake! Ruta ileile ikipewa 12V moja kwa moja, bila kuwasha inveta, inakula 130 hadi 140.

Kwa hiyo shauri langu: ruta kwenye 12V, simu kwenye USB, laptop kwenye USB-C, na balbu ununue zile za USB au za 12V. Kitufe cha AC (cha kuwasha inveta) kibaki kimezimwa. Ukiishi hivyo, 256 inakufikisha asubuhi ukiiacha laptop na kuchaji simu mbili tu. Ukitaka kila kitu kipite kwenye prize, hata 512 utaiona ndogo.

Kuhusu 150000 mAh: mAh bila volti si kipimo cha kitu. Wanazidisha kwa volti ya seli moja, 3.2 au 3.7, kwa hiyo boksi hilo linadai Wh 480 hadi 555. Liweke kwenye mizani. River 2 Max ina Wh 512 na uzito wa kilo 6.1, hilo la muuzaji likiwa na kilo mbili na nusu, huna haja ya kubishana. Akikubali lijaribiwe, lijaze, chomeka chuma cha kulehemu cha wati 60 kisicho na kidhibiti cha joto, au balbu ya zamani ya waya ya wati 60, uangalie saa. Wh 500 za kweli zinasukuma mzigo huo karibu saa 7. River 2 nayo inatakiwa ikaribie saa tatu na nusu. Usijaribu kwa balbu ya LED, maana nyingi haziifikii wati iliyoandikwa kwenye karatasi.

Mtembezi_Kivu

Fundi amemaliza upande wa hesabu. Mimi naongeza paneli na uzito.

Mama, hiyo paneli ya bati USIICHOMEKE. Paneli ya wati 450 yenye seli nusu 144 ina volti ya wazi (ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu) karibu 49 hadi 50. River 2 inakubali volti 11 hadi 30, EB3A 12 hadi 28. River 2 Max inakubali hadi 50, na hapo ndipo watu wanadanganyika: "49.5 iko chini ya 50, basi ni sawa." Namba ya kwenye lebo imepimwa seli zikiwa nyuzi 25. Asubuhi ya Goma ni nyuzi 15 hivi, na volti inapanda kama 0.3% kwa kila nyuzi inayoshuka. 49.5 inakuwa karibu 51 jua linapochomoza tu, kabla paneli haijapata joto. Bahati ikiwepo, boksi linakataa na kuonyesha alama ya kosa. Isipokuwepo, sehemu ya kuingizia jua imekufa, na hilo dhamana hailiokoi.

Chukua paneli ya kukunja ya wati 100, volti ya wazi 20 hadi 24. Zikiwa mbili, ziunganishe sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukizifunga kwa mfululizo unapata 44, na hizo boksi ndogo mbili haziwezi. Ila kwa River 2 paneli ya pili haina faida kubwa, maana inapokea wati 110 tu kutoka kwenye jua. EB3A inafika 200, River 2 Max 220.

Wati 100 za lebo zinakupa 65 hadi 75 saa sita mchana bila wingu. Hesabu saa 3 au 4 nzuri kwa siku, kwa hiyo Wh 200 hadi 300, na msimu wa mvua ukishika, nusu ya hapo. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, hakuna haja ya kuisimamisha paneli kama ubao wa shule. Ilaze, inua upande mmoja kidogo ili maji yateremke. Vumbi letu ni la mawe ya volkano, linakwaruza: mwagia maji kwanza, kisha ndiyo ufute. Na kivuli cha kamba ya hema juu ya seli chache kinaweza kushusha paneli nzima.

Uzito: River 2 kilo 3.5, EB3A kilo 4.6, River 2 Max 6.1. Kwa kuhama kwa miguu, kilo 6 ni nyingi, ongeza waya na paneli ndiyo kabisa. River 2 inatoa wati 300 kwenye prize, EB3A 600. USB-C ya River 2 ni wati 60, ya EB3A ni 100. Angalia chaja ya laptop yako imeandikwa ngapi. Zote tatu zina betri ya LFP (lithiamu yenye chuma na fosfeti), ndiyo ya kutaka: maelfu ya mizunguko ya kujaza na kuisha kabla uwezo haujashuka hadi 80%. Jackery Explorer 240 ya zamani, ambayo bado inauzwa mkononi, ni lithiamu ya aina nyingine yenye mizunguko 500 hivi. Kama imetumika miaka minne, unanunua mabaki.

Hizo wati 600 za EB3A zisikushawishi kuchemsha maji. Lita moja kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka hapa kwetu (nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko) inataka Wh 87 ndani ya maji, na kwenye boksi inatoka kama 110. Vikombe vitatu vya chai vimekula karibu nusu ya betri. Makala (mkaa) bado yana kazi yake.

Nyawera_BKV

Mnampeleka mama kwenye vitu vya bei kwa sababu ya jina. Betri ya LFP ya 12.8V 50Ah ni Wh 640, inazidi hata hiyo Max. Ongeza kidhibiti cha jua aina ya MPPT cha ampea 20, inveta safi ya wati 300 na USB za kupachika, weka vyote kwenye sanduku la plastiki. Kikiharibika kimoja unabadilisha hicho kimoja. Boksi la kiwandani likifa ubao wa ndani, nani anao Bukavu au Goma? Na kwa MPPT yenye kikomo cha volti 100, ile paneli yake ya 450 inaingia bila wasiwasi.

Fundi_Birere

Yaya, kwa nyumbani nakubaliana nawe, na hoja ya vipuri ni ya kweli kabisa. Ila kwa kukimbia nalo hapana. Betri peke yake ni kilo 5 hadi 6, sanduku likikamilika linafika 10. Na atakayelifunga azingatie haya, maana ndiyo yanayorudi kwenye meza ya fundi:

Fyuzi. Inveta ya wati 300 kwenye 12V inavuta kama ampea 29 ikijaa. Weka fyuzi ya ampea 40 kwenye waya chanya, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri, na waya wa milimita 6 za mraba au zaidi, mfupi. Bila fyuzi, waya ukichubuka ndani ya sanduku, betri ya LFP inamwaga mamia ya ampea kabla ulinzi wake haujakata.

Kidhibiti kiwekwe kwenye LFP, volti 14.2 hadi 14.6. Kikiachwa kwenye mpangilio wa betri za asidi, baadhi vinapandisha volti kila baada ya wiki kadhaa kwa ajili ya kusawazisha, na betri inajikata yenyewe. Mtu anadhani imekufa.

Skrubu. Barabara zetu zinalegeza kila kitu. Kichwa cha waya kilicholegea kinapata joto, plastiki inayeyuka, na inayolaumiwa ni inveta. Kaza upya kila baada ya safari ya gari au pikipiki.

Mama, kitu kingine kabla hujalipa: soma lebo ya chini ya boksi. Mengine yanaingia sokoni yakiwa ya soko la Marekani, 100–120V, 60 Hz. Chaja za hizo EcoFlow na Bluetti ziko ndani ya boksi, kwa hiyo ukilichomeka la 120V kwenye ukuta wetu wa 220V unaweza kuliua. Unataka lebo ya 220–240V, 50 Hz. Kubadilisha kichwa cha prize hakubadilishi volti! Na usimwagize mtu alete ndani ya begi la ndege: abiria haruhusiwi betri inayozidi Wh 160, na kuanzia 100 ni lazima kampuni ya ndege ikubali kwanza. Yanakuja kwa lori, kwa boti au kama mzigo.

Mama_Himbi

Asanteni sana. Basi naelemea EB3A au River 2. Maswali mawili: ruta naichomekaje kwenye 12V? Na nikiliacha boksi limechomekwa ukutani muda wote ili lishike kuran ikikatika, kuna ubaya?

Mtembezi_Kivu

EB3A ina matundu mawili ya duara ya 12V, kipimo 5.5 × 2.1 mm, ambacho ruta nyingi zinatumia. Unahitaji waya wenye kichwa hicho pande zote mbili. River 2 ina tundu la gari tu, kwa hiyo waya wa tundu la gari kwenda kichwa cha 5.5 × 2.1. Kabla ya kuchomeka, pima kwa multimeta: katikati iwe chanya, na volti ziwe 12 na kitu. Ruta za 9V zipo, zisome kwanza. Hizo zinataka waya wenye kibadilisha volti.

Usiku ruta ikizimika yenyewe wakati betri bado ina 70%, tatizo ni mpangilio wa kuokoa umeme: boksi likiona mzigo mdogo kwa saa kadhaa linafunga matundu. Uzime kwenye programu ya simu au kwenye menyu yake, mara moja tu.

Fundi_Birere

Kuliacha ukutani inawezekana, zote mbili zinabadilisha kwa sehemu ndogo ya sekunde na ruta haihisi. Ila elewa kwamba wakati kuran ipo, umeme wa ukutani unapita moja kwa moja hadi kwenye prize za boksi. Ukiyumba, kifaa chako kinaweza kuyumbishwa hivyohivyo. Weka stabilizateri (kifaa cha kutuliza volti) kabla ya boksi, yenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano kuran inaporudi, kwa sababu mruko mkubwa uko pale. Ruta iliyo kwenye 12V haiguswi na hayo, ni faida nyingine ya waya ule.

Kama mtaa una volti dhaifu, au unachajia kwa gurupe (jenereta) ndogo, punguza kasi ya kuchaji kwenye programu. River 2 ikiwa kasi kamili inavuta wati 360, na gurupe inayoyumba inafanya ichaji, ikate, ichaji, ikate, hadi mtu anasema boksi ni bovu.

Likikaa bila kazi, liache kwenye 80% hivi na uliangalie kila miezi mitatu. Ubao wa ndani unaendelea kunywa kidogokidogo, na likifika sifuri likasahauliwa linaweza kukataa kuamka. Kila ukiliangalia, lijaze mara moja hadi 100% kabla ya kulirudisha kwenye 80%. Volti ya LFP haibadiliki sana kutoka kujaa hadi karibu kuisha, kompyuta ya boksi inapoteza hesabu, ndiyo unaona 30% halafu ghafla giza. Kujaza kikamilifu kunairudisha kwenye mstari.

Mtembezi_Kivu

La mwisho kwa upande wa kambi: mengi ya haya hayana kinga ya maji, hizo tatu zikiwemo. Kwenye boti liweke ndani ya mfuko usiopitisha maji likiwa limezimwa. Ukilifungia humo likiwa linafanya kazi feni haipati hewa na linajikata kwa joto. Mkipanda juu sana, kwenye kimo cha mita 3000 na zaidi ambako usiku unakaribia kuganda, lilaze ndani ya hema karibu na miguu, na usilichaji asubuhi likiwa bado baridi kama jiwe. Kutoa umeme linaweza, ila LFP ikichajiwa chini ya sifuri inaharibika moja kwa moja. Ngoja jua lilipashe moto kwanza.