Binti yangu anasomea nyumbani, mwakani ni P.7 (darasa la saba). Tubaki na UNEB (baraza la mitihani la Uganda) au twende Cambridge (mtaala na mitihani ya Uingereza)?

MamaFundi_Oli

Asalamu alaikum, na habari zenu wazazi wenzangu.

Niko Arua, mtaa wa Oli, kazi yangu ni kushona. Nina watoto watatu na wote wanasomea nyumbani. Swali langu ni juu ya huyu mkubwa.

Shule zilipofungwa Machi 2020 alikuwa P.1. Zilipofunguliwa Januari 2022 nikamrudisha. Sikio lake la kushoto liliharibika kwa usaha alipokuwa na miaka minne, hasikii chochote upande huo. Darasani walikuwa 94, naye kwa sababu ni mrefu akawekwa nyuma. Mwalimu akitamka imla, yeye anaandika nusu aliyoisikia. Akawa anachapwa, wanasema hasikilizi. Nilikwenda kueleza mara tatu. Muhula mmoja ulipokwisha, mtoto aliyekuwa akisoma vibao vya maduka njia nzima kutoka sokoni hakutaka tena kushika kitabu. Nikamtoa.

Sasa ana miaka 12 na anasoma kila kitu, mpaka karatasi iliyofungiwa sukari.

Siku zetu ziko hivi. Baada ya sala ya alfajiri wanakwenda madrasa, saa mbili wamesharudi. Tunakunywa chai na gurusa, kisha wote mkekani chini ya mwembe. Hesabu inatangulia, maana mchana wateja wanaanza kuja. Wadogo wananisomea kwa sauti huku nikishona. Nikisikia mtu amekwama nasimamisha mguu kwenye charahani mpaka neno litoke. Saa sita tumemaliza. Jioni ni kuku (sayansi ya P.5 ina ufugaji wa kuku na nyuki, kuku tunao, nyuki tuliwaacha kitabuni) na kusoma kwa kujipendea.

Ramani ya Afrika Mashariki tumeibandika ukutani kwa sababu P.6 ndiyo mada yake. Baba yao anaendesha lori kwenda Juba. Akipiga simu kutoka njiani, watoto wanachomeka pini mahali alipofika. Kitabu nilichonunua mtumba kinasema Jumuiya ina nchi tano. Binti mwenyewe akaongeza kwa penseli: Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Ile ya kwanza aliitafuta kwa hamu kwa sababu ni nchi ya lori la baba.

Shida yangu ni hii. Juzi nilimpa hesabu: kitambaa cha yadi 6, gauni moja linakula yadi 2¼, yatatoka magauni mangapi? Akaniandikia: "Mawili, inabaki yadi moja na nusu, inatosha sketi ya Zai." Zai ni mdogo wake. Nikafungua majibu ya kitabu, wameandika 2⅔. Nikamwonyesha. Akaniambia, "Mama, theluthi mbili ya gauni haivaliki."

Mimi fundi najua amesema kweli. Lakini msahihishaji wa PLE, ule mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, atampa ngapi?

Wifi yangu wa Kampala ananiambia tuachane na PLE, tufuate Cambridge, kwamba huko mtoto anaulizwa afikiri. Ada yao inahesabiwa kwa pauni na mimi nalipwa kwa gauni moja moja. Hata hivyo kama ndiyo njia inayomfaa, nitatafuta. Waliopita njia hizi, nisaidieni.

MwalimuMstaafu_Lira

Salaam sana mama. Nimefundisha P.7 miaka 19, kwa hiyo nitajibu la hesabu kwanza.

Binti yako hana tatizo la hesabu. Anachokosa ni kuandika njia. Karatasi ya hesabu ina sehemu A ya maswali 20 yenye alama 40, na sehemu B ya maswali 12 yenye alama 60. Kule B alama zinagawanywa kwenye hatua. Mtoto anayepata jibu kichwani na kuandika mstari mmoja anaacha alama mezani. Mfundishe kugeuza 2¼ kuwa 9/4, kisha 6 mara 4/9, kisha 24/9, kisha 2⅔, kila hatua kwenye mstari wake. Halafu mwambie asome swali limeuliza nini. Likiuliza magauni kamili, jibu ni 2, na ile sketi ya Zai ni baki. Likiuliza tu ugawe, ni 2⅔. Hizo ni hesabu mbili na zote anaziweza. Mpe muda wa saa mbili na nusu kwa saa ya ukutani, mara moja kwa wiki, akae mezani na siyo mkekani, maana mkono unachoka.

La pili ni kubwa zaidi. UNEB haimsajili mtoto kutoka nyumbani; jina lake lazima lipitie kwenye kituo, yaani shule. Usajili hufanyika mapema mwaka wenyewe wa mtihani. Kwa hiyo tafuta shule sasa, mwaka huu, ndogo kama inawezekana. Nenda na madaftari yake. Mwombe mkuu wa shule amruhusu binti afanye mitihani ya majaribio pamoja na wanafunzi wake, ili siku ya mtihani wenyewe Novemba chumba na sura za watu visiwe vigeni.

La tatu: sikio. Pata barua ya daktari. UNEB ina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, wakiwemo wenye matatizo ya kusikia, lakini maombi yanapitia kwa mkuu wa kituo na yanataka mapema. Hata kama hahitaji muda wa ziada, anahitaji kiti cha mbele upande wa kushoto wa chumba, sikio lake zima limwelekee msimamizi, kwa sababu maelekezo yanasomwa kwa mdomo.

MamaMapacha_Nsambya

Dada, mimi ndiye nilikwenda Cambridge, kwa hiyo nisikilize bila kuniogopa. Wanangu wawili, miaka mitatu. Vitabu ni vizuri na maswali yao nayapenda: mtoto anaulizwa "unajuaje?" Ule wakati wa kusoma sijutii hata siku moja.

Kinachotoa jasho ni mitihani. Hata huko hufanyi nyumbani, unatafuta kituo kilichoidhinishwa, na mimi niko Kampala ambako vipo. Wewe utasafiri kutoka Arua na mtoto, ulale wapi? Na ukitaka kumrudisha S.1 (kidato cha kwanza) katika shule ya hapa nchini, kitu cha kwanza watakachouliza ni matokeo ya PLE. Vyeti vya nje UNEB huvilinganisha, ndiyo, lakini ni safari nyingine ya makaratasi na malipo.

Nilichojifunza: maswali ya aina ya Cambridge unaweza kuyauliza ukitumia kitabu cha NCDC, wale watunga mtaala wa Uganda. Wewe tayari unayauliza. Hiyo ya gauni sikuiona kwenye kitabu chochote cha pauni.

BabaBusia

Mama Zai, mimi nasomesha mmoja nyumbani, niko Busia upande wetu wa Uganda. Naunga mkono PLE, ila kuna jambo mwalimu hakuligusa: usiishie kwenye PLE. Tazama S.1 mpaka S.4.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020 na mtihani wake wa kwanza wa UCE (ule wa kumaliza S.4) ulifanyika 2024. Humo asilimia 20 ya alama inatokana na kazi anazofanya mwanafunzi shuleni muda wote, pamoja na miradi, na walimu wake ndio wanaozipeleka. Nyumbani hizo asilimia 20 utazitoa wapi? Mimi nilipoelewa hilo niliamua: nyumbani mpaka P.7, kisha shule. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkuu wa shule utakayemwendea ni kama wana sekondari, na madarasa yao yana watoto wangapi.

La Kiswahili: baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, lakini PLE bado ni masomo yale manne (Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii). Usikiache kwa sababu hakitahiniwi. Vitabu mimi navuka kununua upande wa Kenya, vya gredi ya 4 hadi 6, insha zao ni nzuri.

Bibi_Gulu

Mwanangu, nitasema lisilopendwa. Ulimtoa akiwa mdogo, na hakuna wa kukulaumu. Sasa ana miaka 12. Atakaa chini ya mwembe na mama yake mpaka lini? Huyo mtoto anajua kusema "haivaliki" kwa mama. Je, kwa mwalimu ataweza kusema "sijasikia, rudia tafadhali"? Hilo halifundishwi mkekani. Mpeleke P.7 yote, muhula wa kwanza mpaka wa tatu, na barua ya daktari mkononi.

MamaFundi_Oli

Nimesoma majibu yote mara mbili, mara ya pili nikimsomea baba yao kwenye simu. Mungu awalipe.

Bibi, neno lako liliniuma kwa sababu nilikuwa nalikimbia. Usiku ule nilimuuliza binti mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama nitakaa mbele."

Jumatatu tulikwenda kwenye shule moja hapa hapa Arua, P.7 yao ina watoto 31 na sekondari iko uwanja huo huo. Nilibeba madaftari kwenye mfuko wa vitenge. Mkuu wa shule aliyafungua moja moja, akafika kwenye ile hesabu ya yadi, akacheka kwa furaha, akaita mwalimu wa hesabu aje aione. Wakampa binti kifungu cha Kiingereza asome. Kabla ya kuanza akahamisha kiti chake, akazunguka meza, akakaa mwalimu awe kulia kwake. Mwalimu akamuuliza kwa nini. Akajibu mwenyewe, mimi sikufungua mdomo: "Huku ndiko ninakosikia."

Atafanya nao mitihani ya mwisho wa muhula huu, na mwakani ataingia P.7 kamili. Barua ya daktari naifuata Alhamisi. Cambridge nimeiacha, wifi nimemweleza na ameelewa. Wadogo wawili wanabaki mkekani kwanza. Wa mwisho tunamfundisha kusoma kwa Kilugbara na Kiswahili, hana haraka.

BabaBusia, hivyo vitabu vya insha nitavihitaji kwa ajili ya Zai. Ukipata cha gredi ya 4 nitumie kwa basi la Arua, nitalipa nauli ya mzigo nikikipokea. Na mwenye kitabu cha sayansi cha P.7 kilichotumika, kurasa za umeme na sumaku zikiwa bado zipo, aniambie bei.