Kundi C Kombe la Dunia 2026: ninunue Moroko "kuongoza kundi" au "kufuzu" tu? Naombeni ushauri

Kijana wa Tukuyu
Wakuu habari zenu. Niko Mwanjelwa, Mbeya, nakusanya parachichi toka Rungwe. Pale kijiweni dogo mmoja katuonyesha soko la utabiri kwenye simu. Siyo mkeka tuliouzoea, hapa unanunua hisa: ukipatia, kila hisa inalipa dola 1, ukikosa huna kitu.

Nimekazia macho Kundi C, lenye Brazil, Moroko, Uskoti na Haiti. Moroko "kuongoza kundi" ni rahisi, "kufuzu" ni ghali na faida yake kiduchu. Roho inataka ile rahisi. Si ndio hawa waliofika nusu fainali Qatar 2022, tena wakiongoza kundi lenye Kroatia na Ubelgiji? Machi 2023 wakaifunga Brazil 2-1 pale Tangier. Mnasemaje? Matusi sitaki.

Fundi wa Soweto
Mkuu, bei yenyewe ndiyo asilimia. Hisa ya senti 25 maana yake soko linaipa nafasi ya 25 kwa 100, sawa na odi ya 4.00 kwenye mkeka. Kwamba Moroko wako vizuri kila mtu anajua, na hilo limeshaingia kwenye bei. Ile ya Tangier nayo ilikuwa ya kirafiki. Wewe una taarifa gani ambayo waliokutangulia kununua hawana? Kama huna, unalipia mapenzi tu.

Odi Moja
Nitumie mimi hiyo hela, nakurudishia nusu leo leo. Uhakika 100%.

Mzee wa Mafinga
Kamwene vijana. Mnajua Brazil, Moroko na Uskoti walishawahi kuwa kundi moja? Ufaransa 1998, wa nne alikuwa Norwei. Siku ya mwisho Moroko waliichapa Uskoti 3-0 na walikuwa wanapita. Huku Brazil alikuwa ameshafuzu, anaongoza 1-0. Norwei wakasawazisha, halafu dakika za mwisho wakapata penati, ikawa 2-1. Moroko nje na pointi zao 4. Niliumia kama vile ni Stars.

Sasa sikiliza. Kipindi kile timu zilikuwa 32 na mshindi wa tatu alirudi nyumbani. Safari hii ziko 48, makundi 12, wanapita wawili kila kundi na washindi wa tatu bora 8. Kwa mfumo huu pointi 4 karibu hakika unavuka. Ndiyo maana "kufuzu" ni ghali. Ile rahisi inakutaka uwapite wote kwenye msimamo, Brazil akiwemo.

Mama Kitulo
Mdogo wangu, hiyo hela wakulima umeshawalipa?

Kijana wa Tukuyu
Wakulima nimemalizana nao, dada. Hii ni ya mbolea.

Mama Kitulo
Ya mbolea! Basi bado siyo yako. Mparachichi haujui habari za Kundi C.

Fundi wa Soweto
Dada kamaliza. Ukibaki na ya soda, kabla hujabonyeza tazama bei ya kununua na ya kuuza. Tuseme unanunua kwa senti 30 na ukitaka kuuza palepale unapewa 26: senti 4 zimeondoka mpira haujaanza. Weka na makato ya kugeuza shilingi kuwa dola, kwenda na kurudi. Angalia pia kama hao jamaa wana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kama hawana, siku wakikugomea hela yako hapa nyumbani huna pa kushtaki.

Kijana wa Tukuyu
Nimewaelewa, mbolea naiacha. Naweka ya vocha tu. Swali moja: Moroko wanaanza na Brazil Juni 13. Wakishinda, naweza kuuza hisa bila kusubiri kundi liishe?

Fundi wa Soweto
Unaweza. Wakishinda bei itapanda dakika ileile, unauza unalala. Wakifungwa, ile ya "kuongoza kundi" itaporomoka hata kama Haiti na Uskoti bado wanawasubiri. Ila kwa saa zetu mechi ni usiku wa manane, na umeme wa Mwanjelwa unaujua. Chaji simu mapema.