Magugu maji Mto Pangani: tupeane uzoefu

Bi Mkwaja: Wanajamvi, hamjambo? Leo nikingoja pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, nimeona shungi la magugu maji, na maua yake ya zambarau, linashuka kuelekea baharini. Moyo umenilipuka. Aliyewahi kukutwa nayo asimulie.

Mtoto wa Mto: Umenitonesha dada. Nilikuwa na miaka 14, nimetoka na mjomba kutega migono ya samaki huko mto unakotokea. Magharibi tunageuza mtumbwi, nyuma hakuna njia, kijani kitupu. Mjomba akachoma upondo, ukanasa kwenye mizizi myeusi kama nywele za mtu, akauvuta ukakatika. Kafi nayo haisukumi kitu. Kushuka ndani ya maji hakuthubutu mtu, mto ule una mamba. Tukalala humo, mbu wanatula, mjomba anasoma Yasini kwa sauti. Kila kitu kikichakarisha majanini nilimng'ang'ania shuka. Zilikuwa siku za bamvua, bahari inajaa na kupwa sana. Alfajiri maji yalipoanza kupwa, zulia zima likasogea na sisi ndani yake, tukafika mjini tumebebwa.

Kaka wa Korogwe: Subhanallah!

Muheza Damu: Pole. Ila hayo yanayofanana na kabichi?

Mtoto wa Mto: Hapana. Ya kabichi ni mmea mwingine. Gugu maji lina vikonyo vilivyovimba kama vibofu, ukiminya vinapasuka.

Muheza Damu: Kwetu yote tunaita magugu maji, usinifundishe.

Mzee Sigi: Vijana, msigombane. Asili yake Amerika ya Kusini, na miaka ya 1950 lilishaonekana mito yetu hii, kabla ya kusikika Ziwa Victoria. Dawa ni kung'oa na kuanika mbali na maji.

Mkulima wa Hale: Mzee shikamoo. Ukikata kipande kikabaki majini kinazaa upya, na mbegu zinakaa kwenye tope miaka hata 20. Ziwa Victoria miaka ya 1990 walileta fukusi, wadudu wa kulila. Tuombe hao.

Kaka wa Korogwe: Chumvi inaliua lenyewe likifika mdomoni mwa mto, liacheni lishuke.

Mkulima wa Hale: Likishuka, sisi wa juu limetuachia watoto wake.

Bi Mkwaja: Mtoto wa Mto, mjomba alirudi tena mtoni?

Mtoto wa Mto: Alirudi kesho yake, dada. Migono ilikuwa bado huko.