Naomba ushauri: Macbeth kwenye mafungo ya vijana
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nimepewa jukumu la kuandaa mafungo ya vijana wa parokia yetu hapa Kisumu, Ijumaa jioni hadi Jumapili, kuhusu dhamiri na tamaa ya ukubwa. Nilichagua Macbeth, tamthilia ya Shakespeare. Macbeth mwenyewe anajua kabisa kwamba Mfalme Duncan ni mgeni wake, tena jamaa yake, lakini anamuua, na tangu hapo usingizi unamhama. Baadhi ya wazee wanapinga kwa sababu ya wale wachawi watatu waliomo kwenye igizo. Inaniuma, maana baadhi ya vijana hawa wanajiandaa kuwania uwakilishi wadi 2027. Je, nishikilie, au nichukue Juliasi Kaizari, tamthilia nyingine ya Shakespeare, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere? Na kitubio kiwe kabla ya igizo au baada yake?